Shajara ya mradi: maziwa ya mimea ndani ya sufuria ya chai, Kisumu

18 Januari 2025: kazi yenyewe

Chai ya nyumba hii haitiwi maziwa mezani. Inapikwa: maji, maziwa, majani na sukari kwenye sufuria moja, inapanda, inashushwa, inapanda tena. Kwa hiyo ushauri mwingi niliousoma kuhusu maziwa ya mimea haunifai. Waandishi wake huyamimina baridi juu ya nafaka ya asubuhi, au hutia kidogo kwenye kahawa. Hapa mtaani Migosi, maziwa yasiyostahimili dakika tano za moto hayana kazi.

Mradi umeanza kwa sababu ya Baba. Tangu aje kukaa nasi kutoka Siaya, kila akinywa chai tumbo linajaa na kuunguruma, na mara nyingine anaharisha. Kliniki walimwambia aache maziwa wiki mbili waone. Tumbo likatulia. Hakuna la ajabu hapo: watu wazima wengi Afrika wanabaki na laktesi kidogo mno, na hicho ndicho kimeng'enya kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Huu si mzio. Mzio hutokana na protini ya maziwa, na mwenye nao anaweza kudhurika hata kwa tone. Baba anakunywa maziwa lala bila taabu kubwa kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya laktosi hiyo. Ila maziwa lala hayapikiki chai, na chai ya rangi mzee haitaki kuisikia. "Strungi ni ya matanga ya maskini," anasema.

Masharti niliyojiwekea: muuza maziwa anayepita hapa na pikipiki huniuzia lita kwa Sh100, kwa hiyo mbadala wowote usizidi hapo. Uchemke na majani dakika tano bila kukatika. Na Baba amalize kikombe, hili likiwa ndilo gumu kuliko yote.

25 Januari: pakiti za dukani

Nilianza na za kununua ili nijue ladha inayolengwa. Supamaketi ya mjini ilikuwa na za lozi, soya na oti, zote kutoka nje ya nchi, kati ya Sh380 na Sh560 kwa lita. Sharti la kwanza limeshaanguka, lakini somo lilipatikana.

Geuza pakiti usome upande wa nyuma. Maziwa ya ng'ombe yana takriban gramu 3.3 za protini kwa kila mililita 100. Pakiti ya soya ilikaribia hapo, ikiwa na 3. Ya lozi ilikuwa na 0.5. Kwa Sh560 nilikuwa nimenunua maji yenye harufu ya lozi. Ndani ya sufuria yalijitenga vipande vidogo vyeupe vikaelea juu ya majani, na Baba akakisukuma kikombe pembeni bila kusema neno.

Kama utanunua hata hivyo, tafuta yasiyotiwa sukari na yaliyoongezwa kalisi na vitamini B12. Tikisa pakiti kwanza, kwa kuwa kalisi hiyo hutuama chini na usipotikisa utaitupa pamoja na pakiti.

2 Februari: njugu karanga

Jumapili soko la Kibuye limejaa, na njugu ziko kila kona. Kilo Sh240, nyekundu ndogo, muuzaji akiapa zimetoka Ndhiwa.

Kwenye njugu, muda mwingi unaishia kwenye kuchagua. Kuvu wa njugu na mahindi hutoa sumu ya aflatoksini, na kuchemsha hakuiondoi. Kenya haijasahau mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yalipoua watu 125 upande wa Ukambani. Kwa hiyo nilimwaga kilo nzima kwenye ungo: iliyosinyaa nje, iliyobadilika rangi nje, iliyoota ukungu nje, yenye uchungu ulimini nje. Zilibaki kama robo tatu. Njugu za bei ya kutupa zilizokaa gunia moja tangu mwaka jana sizigusi tena, hata kwa uji.

Nilizikaanga kwanza, nikasaga, nikachuja. Harufu ilikuwa nzuri mno, ila ya mchuzi. Chai ikanukia kama mboga ya osuga iliyoungwa njugu, na watoto wakauliza ugali uko wapi. Nikarudia na njugu mbichi zilizochemshwa dakika kumi na kumenywa: ladha ilipungua, mafuta yakaelea juu ya kikombe kwa duara za manjano.

Kwenye uji wa wimbi, hata hivyo, ni tamu kupindukia, na zimebaki huko. Gharama ni karibu Sh55 kwa lita.

9 hadi 23 Februari: soya

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, na anayetaka kuiga mradi huu asome hapa hata akiruka kwingine.

Soya kavu nilinunua Sh150 kwa kilo kwa mama mmoja Kibuye anayeletewa kutoka Butere. Njia ya kwanza ni ile anayoijua kila mtu: loweka usiku, saga na maji baridi, chuja kwa kitambaa, chemsha. Nyumba nzima ilinuka maharagwe mabichi. Baba alionja kidogo.

"Mwanangu, hii ni githeri (mahindi na maharagwe)."

"Ni soya, Baba."

"Basi ni githeri ya soya."

Sukari haikuficha, iliki haikuficha, wala majani mengi. Nilipotafuta sababu nikaipata kwenye kimeng'enya kiitwacho lipoksijenesi. Kiko ndani ya soya, na punje inapopondwa ikakutana na maji na hewa, kinaanza papo hapo kuvunja mafuta yake. Harufu ya maharagwe huzaliwa hapo, kwenye blenda. Ukichemsha baadaye umechelewa, harufu imeshaingia. Moto lazima utangulie kisu.

Njia niliyoishia nayo ni hii. Chagua na uoshe kilo moja, uiloweke usiku kucha kwenye maji mengi yenye kijiko kidogo cha bekingi soda. Nilijaribu magadi tuliyonayo ya kupikia mboga, maziwa yakawa ya manjano na ya kuteleza kama yametiwa sabuni, kwa hiyo sivyo. Asubuhi mwaga maji hayo. Chemsha maji mapya, na yakiwa yanatokota ndipo utie soya. Ziache dakika tano, umwage tena. Sugua maganda yatoke kadiri ya subira yako. Kisha saga kidogo kidogo na maji yaliyotoka motoni, si ya bomba. Kwa jumla natumia lita 8 za maji ya kusagia na kusuuzia makapi.

Tahadhari ya blenda: jagi la kioo, ulipashe kwanza kwa maji ya uvuguvugu, ujaze nusu tu, ufunike kwa taulo juu ya kifuniko. Mvuke husukuma kifuniko kwa nguvu. Jagi langu la plastiki lilipata ufa, nalo lilikuwa Sh900 kulibadilisha. Iandike kwenye gharama.

Tatizo la pili likaja kwenye sufuria. Maziwa ya soya yana tabia ya kudanganya: kabla hayajachemka kweli, povu zito linapanda ghafla na kumwagika. Lilizima gesi mara moja, na kusugua jiko baada yake ni adhabu. Mtu akiona povu hudhani yamechemka, anayashusha. Hapana. Povu hilo linatokana na saponini, kitu ndani ya soya kinachotoa povu kama la sabuni, na huja mapema. Soya isiyoiva ina kitu kinachozuia tripsini, kimeng'enya cha kusaga protini tumboni, na ukiinywa hivyo utarudi kwenye gesi uliyokuwa ukiikimbia. Tumia sufuria yenye ukubwa mara mbili ya maziwa, moto mdogo, mwiko usitoke mkononi, engua povu la kwanza. Yakishatulia na kutokota kwa mapovu makubwa, hapo anza kuhesabu dakika 20.

Kilo moja ilinipa takriban lita 7. Soya yenyewe ni kama Sh21 kwa lita. Nikiongeza gesi na token za stima inafika Sh35 hivi. Protini inakaribiana na ya ng'ombe. Makapi huenda kwenye chapati na mandazi, theluthi moja kwa theluthi mbili za unga wa ngano. Ukizidisha hapo chapati inavunjika.

Baba alimaliza kikombe. Hakusifu, lakini aliuliza kama kuna nyingine.

2 Machi: tangawizi

Chai iliyopita vizuri wiki nzima ilikatika asubuhi ya leo, vipande vipande kama jibini. Tofauti ilikuwa moja: mke wangu alitia tangawizi mbichi iliyopondwa.

Tangawizi mbichi ina kimeng'enya chake kinachokata protini, na ndicho hicho hukatisha hata maziwa ya ng'ombe ukiitia mwishoni. Kwa soya hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa majani ya chai yaliyokolea nayo yana uchachu kidogo na protini ya soya haipendi uchachu. Marekebisho ni mpangilio tu. Tangawizi iingie kwenye maji matupu pamoja na majani, ichemke dakika tano au zaidi, kimeng'enya kife. Soya ipashwe moto kwenye sufuria nyingine. Punguza moto wa chai, mimina soya ikiwa moto, acha ipande mara moja, shusha. Soya baridi kutoka kwenye friji ikimwagwa kwenye chai inayotokota inakatika hata bila tangawizi. Nimejaribu zote mbili kando kwa kando.

Kwa hiyo sharti langu la dakika tano limelegezwa. Majani yanachemka dakika tano, soya inachemka dakika 20 peke yake, na pamoja wanakutana kwa muda mfupi. Ladha ni ileile. Anayeshikilia kwamba chai ya kweli lazima vyote vianze pamoja atapata shida na soya, na sidhani kama kuna dawa.

9 Machi: nazi

Kwa kifupi. Nazi hapa husafiri kutoka Pwani, na sasa ni Ramadhani, bei imepanda: Sh90 moja pale soko la Jubilee. Tui la nazi moja nililolizimua hadi lita lilichemka bila kukatika na chai ilikuwa nzuri, lakini ina ladha yake na haijifichi. Protini ni kidogo mno, na mafuta yake mengi ni ya aina ambayo daktari wa Baba amemwambia apunguze. Nazi imerudi kwenye wali na maharagwe, mahali pake pa heshima.

Makadamia niliziulizia bei, nikashukuru, nikaondoka.

23 Machi na 6 Aprili: oti, halafu kimea

Oti inauzwa kila duka, gramu 500 kwa Sh230. Wengi huielekeza hivi: loweka, saga sekunde chache, chuja. Yakiwa baridi ni maziwa mazuri, meupe, yasiyo na harufu. Nikayaweka motoni. Ndani ya dakika tatu yalivuta kama mrenda. Chai ilining'inia kwenye kijiko. Baba alichungulia sufuria na kuuliza kama leo tunakula apoth, yaani huohuo mrenda.

Nilipunguza muda wa kusaga, nikatumia maji ya barafu, nikachuja mara mbili kwa kitambaa kizito. Utelezi ulipungua, haukwisha, na hautakwisha kwa njia hizo. Oti imejaa wanga, na wanga ukipata moto na maji lazima uvimbe. Ndivyo uji unavyokuwa uji. Watengenezaji wa viwandani wanatumia vimeng'enya kuukata wanga huo kabla. Kazi hiyo ilianzia Uswidi, Chuo Kikuu cha Lund, katika miaka ya 1990, na mwanasayansi Rickard Öste.

Nikajiuliza nitapata wapi kimeng'enya cha kukata wanga Kisumu, na jibu lilikuwa limekaa kwenye gunia sokoni. Kimea! Wimbi lililooteshwa na kukaushwa juani, hilohilo ambalo wapika busaa, pombe ya nafaka, hutumia tangu enzi za mababu, na kina mama hutia kidogo kwenye uji wa mtoto ili ulainike. Nafaka ikiota hujitengenezea amilesi ya kuvunja wanga wake. Nilinunua gramu 200 kwa Sh40 kwa muuzaji wa Manyatta, akanitazama sana nilipomwambia ni ya maziwa. "Mzee, sema tu ni busaa," akacheka.

Jaribio la kwanza lilishindwa kwa sababu ya joto. Nilitia kimea kwenye oti iliyotoka kuchemka, na joto hilo liliua kimeng'enya kabla hakijafanya lolote. Kinafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 60 hadi 65 hivi. Sina kipimajoto cha jikoni, lakini hesabu ni rahisi: Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu nyuzi 96, maji ya ndoo ni karibu 25. Changanya kikombe kwa kikombe na unapata 60.

Kwa lita moja: gramu 100 za oti, vijiko vikubwa viwili vya unga wa kimea, nusu lita ya maji yanayotokota na nusu ya maji ya ndoo. Saga oti na yale ya ndoo, changanya na ya moto, ndipo utie kimea. Funika sufuria, uizungushie blanketi, uiache saa moja. Unaiona ikibadilika: ule uzito unalegea, mwiko unapita bila kuburuta. Chuja kwa kitambaa, kisha chemsha dakika kumi. Usiache hatua hii ya mwisho, kwa kuwa kimea kimekauka juani kwenye vumbi na kina vijidudu vyake.

Nilipima kwa iodini ya duka la dawa: tone moja kwenye kijiko cha maziwa yaliyopoa. Yasiyo na kimea yaligeuka bluu nyeusi, dalili ya wanga. Yenye kimea yalibaki na rangi ya hudhurungi nyepesi. (Kijiko hicho mwaga, usionje.)

Yakachemka na majani dakika tano kamili bila kuteleza wala kukatika, hata kwa tangawizi, maana hakuna protini nyingi ya kukata. Rangi ni ya udongo kidogo, jambo ambalo kwenye chai halionekani. Utamu umeongezeka kwa sababu wanga umegeuka kuwa sukari, kwa hiyo mwenye kisukari asidanganyike kwamba hakutia sukari. Gharama ni Sh46 za oti, Sh6 hivi za kimea, na moto kidogo.

Baba alimaliza kikombe, akaomba cha pili, akauliza ni ng'ombe wa nani.

20 Aprili: mvua, stima na kuharibika

Mvua ya masika imekuja na stima inakatika jioni. Bila blenda, soya nimepeleka posho mill ikiwa kavu, baada ya kuipasha moto kwenye karai hadi iive bila kuungua. Unga huo hupikwa na maji kama uji mwepesi na kuchujwa. Unatoa maziwa, lakini yana chenga chini ya kikombe, na kinu kilichotoka kusaga mahindi huacha mahindi yake humo. Inafaa kwa dharura.

Kuhifadhi: kwenye friji soya yangu ni nzuri kwa siku tatu. Nje, kwa joto la hapa, jioni imeshachacha. Oti ya kimea huharibika upesi zaidi kwa sababu ya ile sukari. Ninamimina ikiwa moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa, nafunga, napoza kwenye beseni la maji kabla ya friji.

4 Mei: dada yangu na mtoto wake

Dada alipita akaonja, akapenda, akauliza kama anaweza kumpa mtoto wake wa miezi minane badala ya maziwa ya mama wakati yuko kazini. Nimeandika jibu hapa kwa kuwa mwingine atauliza: usimpe. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anahitaji maziwa ya mama, au ya kopo yaliyotengenezwa kwa watoto wachanga. Maziwa haya ya jikoni hayamtoshi, hata yale ya soya.

Kwa Baba pia kuna pengo. Mimea haina vitamini B12, na soya ya nyumbani ina kalisi kidogo sana ikilinganishwa na ya ng'ombe, ambayo ina kama miligramu 120 kwa mililita 100. Hatukuhangaika kuongeza poda. Anakula omena (dagaa) nzima na mifupa yake, uji wa wimbi ambao una kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine tulizozoea, sukuma wiki, na mayai. Omena na mayai vinashughulikia B12. Angekuwa hali nyama, samaki wala mayai, ningemtafutia vidonge.

18 Mei: hali ilivyo

Kila siku tunapika soya, kwa sababu ya bei na protini. Oti ya kimea ni ya Jumamosi na ya wageni, na wageni hawajatambua. Pakiti hatununui. Watoto wamerudi kwenye maziwa ya ng'ombe, nami sina sababu ya kuwakataza. Matumbo yao hayana neno.

Jumla ya vifaa: jagi la kioo Sh1,400 pamoja na lile lililopasuka, kitambaa cha kuchujia Sh150, chupa Sh300. Tukipika lita moja kwa siku, tofauti ya bei na maziwa ya ng'ombe inarudisha pesa hizo chini ya mwezi mmoja na nusu.

Shangazi amepiga simu kutoka Butere kwamba amepanda mbegu ya soya iitwayo SB 19 na atanitumia gorogoro mbili akivuna. Nitazipika kando ya zile za Kibuye, kilo kwa kilo na maji yaleyale, nione zinatoa lita ngapi na kama maganda yanatoka kwa urahisi zaidi.